Kuhusu Gari Letu Kuinuka Nyuma

Bugolobi, Kampala
Jumatano, katikati ya Kwaresima, 1975

Kwa Mheshimiwa Luteni Santo,
Msimamizi wa Kizuizi cha Njia ya Reli,
Bugolobi.

Mheshimiwa Afande,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Habari ya afya yako? Habari ya mafua? Nakuuliza mafua kwa sababu Jumapili nilikuona umejifunga skafu ya sufu shingoni, nawe umesimama kwenye vumbi la kizuizi chako, nikasema moyoni, huyu naye ni mtoto wa mtu, na mama yake yuko mbali huko Sudan, hajui kama amekunywa kitu cha moto. Ukipata ndimu, ikamulie kwenye maji ya moto unywe taratibu. Sukari usiitafute, haipo. Wewe unajua kuliko mimi kwa nini haipo, maana kazi yako ni kuizuia isipite. Sisi hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia, gari letu na fundi wetu. Goti nimemwachia Mungu. Hayo mengine mawili yako mikononi mwako, ndiyo sababu ya barua hii.

Mimi naitwa Loise Ajwang, mke wa Cleopas Ochola, karani wa reli. Kwetu ni Kenya, lakini watoto wetu wote wamezaliwa hapa hapa Kampala. Kazi yangu ni cherehani; nashona sare za shule na kanzu za kwaya. Masomo yangu yaliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisukume kidogo uendelee. Nimekuandikia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yako, tena nimesikia kwamba barua ya Kiingereza ikifika kwenu huulizwa kwanza imetumwa na nani hasa.

Ombi langu nalisema mapema usije ukachoka njiani. Naomba aachiliwe fundi Barnabé Katembo, Mkongo wa Butembo, ambaye Sajini wako alimchukua kwenye karakana yake kule Old Kampala, na sasa amefungiwa kwenye kile chumba cha mabati nyuma ya kizuizi chako. Kosa lake, nimeambiwa, ni kuliinua gari letu nyuma. Sajini anasema gari linaloinuliwa nyuma limeandaliwa kwa magendo. Mimi nasema gari letu limeandaliwa kwa ajili yangu. Naomba usome malalamiko yangu moja moja, ukiwa umekaa.

La kwanza: Kushuka.

Gari letu ni Renault 4 ndogo ya kijivu, ya zamani kidogo. Nami ni mtu mzito, Afande. Nasema wazi kwa sababu si siri, hata wewe umeniona, na kwa sababu Mungu aliyeniumba hakumwomba mtu radhi. Hilo goti langu halikunjiki, kwa hiyo kiti cha mbele sikiwezi. Hukaa nyuma, upande wa kushoto, nimenyoosha mguu juu ya kiti mpaka upande wa pili. Nikishaingia, gari huketi chini nyuma na kuinua pua mbele kama ng'ombe anayenusa mvua.

Kila Jumapili tukienda kanisani Sajini wako alikuwa akitusimamisha, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii gari nashuka nyuma. Mnabeba nini?" Cleopas alimjibu kwa upole, "Mke wangu." "Na ingine?" "Biblia yake." Kisha naamriwa nitoke. Nikitoka, gari huinuka polepole na kutoa mlio kama mtu aliyefungua mkanda baada ya karamu, na askari wako wote hucheka. Mmoja aliniuliza, "Mama, wewe nakula nini, na nakula wapi?" Maana siku hizi hapa Kampala mtu akionekana ameshiba lazima ajieleze. Nikamwambia mwili huu ni urithi wa bibi yangu. Akataka kujua kama huo urithi una risiti.

Tena nikishatoka lazima nirudi ndani, na kurudi kwangu ndani kunataka watu wawili na wimbo mmoja. Tukawa tunafika kanisani wakati wa matangazo. Mchungaji wetu akazoea kabisa, anasema, "Tutulie kwanza, Mama Loise anashuka." Basi nikaona njia ya kumridhisha Sajini ni kulitafutia gari letu fundi alinyanyue nyuma, nikiwamo ndani lisionekane limeelemewa. Afande, tulikwenda kwa Katembo kwa kuwatii ninyi. Hapo piga mstari, kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

La pili: Kuinuka.

Gari hili halina springi kama unazozijua kwenye malori yenu. Chini yake nyuma kuna vyuma viwili virefu vya mviringo, vimelala kutoka ubavu hadi ubavu, kila gurudumu na chake. Gurudumu likipanda, chuma husokotwa kama shuka inayokamuliwa, halafu chenyewe hutaka kurudi kilivyokuwa. Mwisho wa chuma kuna meno madogo yanayoshika. Ukitaka gari linyanyuke, unakichomoa chuma, unakisogeza jino moja au mawili, unakirudisha. Katembo alinieleza hayo nikiwa nimekalishwa juu ya tairi, nami nikamwelewa upesi, kwa kuwa mtu wa cherehani anajua kitu kilichosokotwa kina hasira kiasi gani.

Mafundi wengine hupima gari likiwa tupu, wakaridhika. Katembo hapimi gari tupu. Anasema kwao Butembo gari tupu halijawahi kuonekana, labda siku linatoka kiwandani. Mwenye gari lazima aje na watu wake, wakae vile wanavyokaa, ndipo naye alale chini na kijiti chake chenye alama, apime kutoka ardhini. Na hii ni haki. Mimi mwenyewe sijawahi kuipima kanzu kwenye kiti nikamwambia mteja njoo uvae. Basi akanifungulia mlango, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama, ingia, ikala vile unaikalaka siku zote. Usijikaze. Pumua." Nikapumua. Akasema nitoke. Akageuza. Akasema niingie tena. Mara ngapi nilitoka na kuingia sijui, goti langu ndilo linakumbuka. Mwishowe gari likatulia sawa, mbele na nyuma, kama meza ya Bwana. Nilitokwa na machozi kidogo, Afande. Tangu tupate gari lile nilikuwa sijawahi kuiona barabara nikiwa ndani yake. Nilikuwa naona mawingu tu.

Jumapili hiyo tukapita kizuizini bila kusimamishwa. Nikampungia Sajini mkono. Nadhani hapo nilikosea, maana hakuna mtu aliyewahi kumpungia mkono pale, akaanza kufikiri.

Shida ikaja Jumatatu. Jumatatu Cleopas huenda kazini peke yake. Bila mimi, gari letu limeinuka nyuma kama panzi anayejiandaa, na kushoto limezidi, kwa sababu ndiko nikaako na ndiko Katembo alikoongeza jino. Sajini akalizunguka. Akainama. Akasema, "Hii gari nangojea mzigo." Cleopas akamjibu, "Ni kweli, namngojea mke wangu, nitamchukua jioni." Mume wangu hawezi kusema uongo. Ni ugonjwa wa ukoo wao, na hauna dawa. Basi Sajini akawageukia askari wenzake akawafundisha sayansi yake: mtu wa magendo huliinua gari lake nyuma likiwa tupu, ili siku atakapolijaza kahawa ya kupeleka mpakani likae sawa, lipite limenyooka kama mtu anayetoka kanisani.

Nisome vizuri hapa, Afande. Gari likishuka nyuma, lina mzigo. Likiinuka, linangojea mzigo. Likiwa sawa, limeuficha mzigo. Nimefikiri nikishona mifuko ya sare mpaka nikajichoma sindano, na sijaona mahali pa nne pa kuliweka gari.

La tatu: Kusawazisha.

Nilimshauri mume wangu abebe kitu badala yangu. Tukaanza na mawe. Sajini akauliza mawe ni ya nini. "Ya kusawazisha." Sajini akatoa kalamu akaandika kwamba mshukiwa amekiri kusawazisha. Tukatupa mawe, tukaweka gunia la mchanga. Akalitoboa kwa singe aone kama mna chumvi, na mchanga ukamwagika njia nzima. Cleopas alifika stesheni amekwisha kuinuka tena.

Nikaona niende mwenyewe. Nikawa naondoka na mume wangu asubuhi, nakaa ndani ya gari uwanjani pale stesheni mpaka jioni, nashona vifungo kwa mkono. Wakubwa wa reli wakamwita kumuuliza kwa nini karani anakuja kazini na mke. Akawaambia ukweli. Walimpa siku mbili za kupumzika, wakidhani ni kichwa.

Nilipopata homa, wenzangu wa kwaya wakajitolea. Watu wa sauti ya pili ndio wazito kwetu. Atim akikaa peke yake gari linatulia vizuri tu. Lakini sasa Cleopas akawa anaonekana kila asubuhi na mwanamke mwingine kiti cha nyuma, anamvusha kizuizi cha jeshi saa moja, mwanamke amenyoosha mguu kama nilivyomwelekeza. Umoja wa Akina Mama ukakaa kikao. Ilinibidi nisimame mbele ya kanisa, na homa yangu, nieleze kwamba wanawake hao nimewatuma mimi, badala ya mawe. Atim hajapenda lile neno "mawe" mpaka leo.

La nne: Nimelifuta.

Lilihusu maneno aliyoyasema askari wako mmoja kuhusu mguu wangu. Cleopas alilisoma akasema si la Kikristo. Nimelifuta kwa wino mwingi. Ukiishika karatasi juani utaliona, lakini jua si mimi niliyeliwasha.

La tano: Kupimwa kwa kamba.

Siku moja baada ya hayo Sajini alivua kamba ya kiatu chake, akapima kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Kulia kukazidi kwa upana wa vidole vitatu. Akapiga filimbi. Akasema gari limevutwa, ni kazi ya watu wabaya, nalo likazuiliwa pale pale. Liko hapo kwenu mpaka sasa, kando ya madebe yenu ya maji.

Afande, Renault hii imezaliwa hivyo. Vile vyuma viwili nilivyokueleza haviwezi kulala mahali pamoja, kwa hiyo kimoja kimelala mbele ya mwenzake, na gurudumu la upande mmoja likabaki nyuma kidogo. Za dunia nzima ziko hivyo. Wafaransa waliotengeneza waliliona, wakaona ni jambo dogo, wakaenda kula. Cleopas alimweleza Sajini. Sajini akasema hakuna serikali inayoweza kukubali upande mmoja uzidi mwingine. Nami nikamtazama kifuani: nishani zake zote ziko kushoto, na hakuna aliyempima.

Na kama kuinuka nyuma ni ushahidi, basi kuna wale vijana wa miwani myeusi wanaopita kwenye kizuizi chako na magari yasiyo na namba. Viatu vyao vimeinuliwa visigino kiganja kizima. Nani amewauliza wanangojea mzigo gani? Sisemi neno lolote, nauliza viatu tu. Tena magari yao hupita yameshuka nyuma kabisa, yanakaribia kugusa barabara, na Sajini hasimamishi, anapiga saluti. Lilipopita moja nikiwa nimetolewa nje nimesimama na goti langu, sikuuliza limebeba nini. Nilifumba macho nikasali, na kwa kuwa sikujua jina la kutaja, nikasema, Bwana, umjue wewe.

La sita: Katembo.

Hili ndilo kubwa. Sajini alimuuliza mume wangu nani ameliinua gari. Nimeshakueleza ugonjwa wake. Hakutaja jina tu, alieleza na njia: nyuma ya duka la vitambaa lililofungwa wenyewe, Wahindi, walipoondoka, uvuke mfereji, karibu na ukuta wa kanisa letu. Cleopas anasema alidhani Sajini naye ana gari linalomsumbua. Wakaenda, wakamkuta Katembo amelala chini ya gari la mteja, wakamvuta kwa miguu. Alitoka na spana mkononi. Sajini ameiandika spana kama silaha.

Huyu ni mtu wa namna gani? Ni mtu mwenye mke, Bibiane, na mikono myeusi ya grisi ambayo hata siku ya ubatizo wa mtoto wake haikutakata. Jina la ubatizo kama Barnabé kwao Zaire siku hizi haliruhusiwi, akaja nalo Kampala alipumzishe, na sasa Sajini anasema jina lile ni la kijasusi. Bibiane humpelekea ugali wa posho na maharage kila siku. Mlinzi huonja kwanza kama mna magendo, na huyo mlinzi ni mtu makini sana, huonja mpaka chini.

Sajini anadai Katembo ndiye anayewainulia magari watu wa kahawa. Hapo ndipo mimi nakuwa shahidi, na sidhani utapata shahidi wa kuaminika zaidi, kwa maana magari yote aliyoyainua nilikuwa ndani yake. Nieleze. Wenye magari wengine hawawezi kuleta watu wao wote kuja kukaa wapimwe. Zamani fundi angeweka magunia ya kitu. Lakini gunia la kitu chochote sasa Kampala nzima hulioni. Basi Katembo huja kwenye ukuta wa kanisa tunapomaliza mazoezi, anatoa kofia, anasema, "Wamama, mnisaidie uzito." Sisi ndio mawe yake ya mizani. Tumekaa kwenye gari la mkunga, na tumbo la bandia la nguo ili iwe kama kuna mgonjwa. Tumekaa kwenye gari la mwalimu mkuu, tukiwa badala ya watoto wake wote. Katika gari la mchungaji tulikaa kwa adabu, bila kuegemea.

La mwisho lilikuwa Renault kama yetu, nyeupe, lakini ile ya mgongo mrefu isiyo na madirisha nyuma. Mwenyewe hakuja. Alikuja dereva, mtu wa maneno machache, akamnong'oneza Katembo kando. Katembo akaomba wanne, wazito, wakae nyuma kabisa kwenye bati; mimi nilihesabiwa mmoja na nusu. Tulikaa gizani tumebanana, Atim akaanzisha wimbo ili tusiogope. Nikawaza, mwenye gari hili ana jamaa wengi, tena wanene, tena wenye haya, kwa kuwa hawataki kuonekana barabarani, na bado hawaachi, anawabeba wote. Nikamwombea baraka pale pale gizani. Je, huyo ni mtu wa magendo? Huyo ni baba wa watu!

Basi huo ndio ushahidi wangu wote. Katembo hajainua gari hata moja kwa ajili ya kahawa. Yote ameyainua kwa ajili ya binadamu. Gari lililoinuka nyuma likiwa tupu halina hatia, linamkumbuka mtu tu. Nitaapa hivyo popote, nikishika Biblia ile ile ambayo Sajini aliitikisa kuona kama mtadondoka sukari.

Sasa maombi yangu, Afande, nayo si magumu.

Kwanza, nipewe cheti chenye muhuri wa Jeshi, kisemacho kwamba mwenye cheti hiki ni mzito kwa asili, na gari lake limeruhusiwa kuinuka asipokuwamo.

Kama karatasi hakuna, maana najua hata karatasi siku hizi ni shida, basi tupewe askari. Mmoja anatosha, mnene, mtulivu, asiye na vidonda vya tumbo, akae kiti cha nyuma kushoto kila siku nisipokuwamo. Bunduki aje nayo, itasaidia uzito. Kwetu atapata chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, na atajifunza nyimbo.

Na kama askari wote wana kazi, basi kizuizi kihamishwe kidogo tu, kutoka pale tambarare kiwekwe penye mteremko, ambapo gari lililoinuka nyuma huonekana sawa. Pasipo mteremko, mchimbe. Jeshi letu limefanya makubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini kama haya yote ni mengi, na ukaona lazima Serikali ibaki na kitu, baki na gari. Nitatembea. Nitakwenda kanisani na goti hili, nitoke nyumbani Jumamosi ikibidi. Ninachoomba ni mtu. Jana nilimsindikiza Bibiane na chakula. Mlinzi alipokuwa anaonja, nikasogea kwenye mabati nikamwita Katembo kwa sauti ya chini. Hakuniuliza kesi yake imefika wapi. Aliuliza, "Mama Loise, gari linaikala muzuri?" Nikamwambia linakaa vizuri, Barnabé, limetulia kabisa, nalo lilikuwa mbele ya macho yangu, limeinuka kama panzi, na kuku wa jeshi wamelala kivulini chini yake. Nikamsikia anacheka kidogo kwa furaha, halafu anakohoa. Kile chumba kina unyevu, Afande, na wewe mwenye mafua unajua. Tafadhali mtoe mtu huyu.

Nisalimie Sajini, mwambie sina kinyongo. Nisalimie askari wote, na yule anayecheka sana, na yule anayeonja. Salamu kwa mama yako ukimwandikia, mwambie kuna mwanamke huku anakuangalia shingo. Cleopas anakusalimu, Umoja wa Akina Mama unakusalimu, na kwaya nzima, sauti zote nne, inakutaja katika maombi kwa jina na cheo.

Ni mimi dada yako katika Bwana, mzito lakini mtiifu,

Loise Ajwang (Mama Ochola)

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, Bibiane akaingia anahema. Dereva wa ile Renault nyeupe isiyo na madirisha amefika karakana, karibu alie, anataka gari la bwana wake. Na bwana wake, Afande, ni wewe. Sikujua. Tena Bibiane anasema siku ile dereva hakutaja jamaa wowote. Alichonong'ona kilikuwa, "Magunia manne ya kahawa, na ikae sawa kabisa, isijulikane."

Nimeketi nikatafakari, na mbele ya Mungu lazima niseme: Sajini wako ana akili kuliko nilivyomwandika. Gari linaloinuliwa nyuma likiwa tupu hakika linangojea mzigo. Nafuta malalamiko yangu yote. La nne lilikwisha kufutwa.

Ila gari lako liko juu ya matofali, halina magurudumu ya nyuma. Tulipokaa wanne lilishuka kidogo kuliko alivyotaka, Katembo akasema ataongeza jino moja. Akavichomoa vile vyuma viwili, akarudi chini kusafisha meno, na hapo Sajini wako akamvuta miguu. Vyuma viko mezani vimefungwa gazeti. Kimoja ni cha kulia na kimoja cha kushoto, kwa macho vinafanana kama mapacha, na vikibadilishwa hukatika barabarani, mzigo ukiwamo. Anayejua kipi ni kipi amekaa kwenye chumba chako cha mabati.

Kwaya iko tayari kuingia kupimwa tena, hata kesho. Tunajua kila mmoja mahali pake. Tafadhali nijibu upesi.